Mchongaji wa Kioo Anayeishi kwa Chaki

Wageni wakija karakana huniuliza swali lilelile: wewe ni msanii au ni mwalimu? Wanauliza kwa nia njema, ila sauti inawasaliti. Wanaamini moja kati ya kazi hizo ndiyo ya kweli na nyingine ni ya kutafutia riziki. Zamani nilikuwa najitetea kwa kuwaonyesha picha za sanamu zangu kubwa. Siku hizi nawaambia kwamba kwenye kioo kazi hizo hazitenganishiki, na kama wana muda nawaeleza kwa nini.

Kwa karne nyingi kioo cha moto kilikuwa mali ya viwanda na koo za mafundi. Pale Murano, kisiwa cha jirani na Venice ambako matanuri yalihamishiwa mwaka 1291, siri za kazi zilirithishwa ndani ya familia na fundi aliyezitorosha nje alihesabiwa kuwa msaliti. Msanii mwenye wazo alilichora kwenye karatasi, akampelekea fundi, kisha akasimama pembeni kutazama. Aliyeuvunja utaratibu huo ni mwalimu wa ufinyanzi. Harvey Littleton alikuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, na mwaka 1962 aliongoza warsha mbili kwenye Jumba la Makumbusho ya Sanaa la Toledo, Ohio, moja mwezi Machi na nyingine Juni. Alitaka kujua kama mtu mmoja anaweza kuyeyusha na kupuliza kioo kwenye tanuri dogo lake mwenyewe, bila kiwanda nyuma yake.

Mwanzoni mambo yaligoma. Mchanganyiko wa kwanza haukuyeyuka ipasavyo. Dominick Labino, mtaalamu wa utafiti kutoka kiwanda cha nyuzi za kioo, akashauri watumie gololi za kioo ambazo kiwandani huyeyushwa ili kuvutwa kuwa nyuzi, nazo zikakubali. Hata hivyo kupuliza kwenyewe ilikuwa kubahatisha, mpaka alipojitokeza Harvey Leafgreen, mzee aliyestaafu kutoka kiwanda cha Libbey palepale mjini, akashika bomba na kuwaonyesha inavyofanyika.

Huwa nawaambia wanafunzi wahesabu waliokuwamo mle: mwalimu, mtafiti, mstaafu wa kiwandani, na washiriki ambao wengi wao walikuwa wafinyanzi waliokuja kujifunza. Mnunuzi hakuwepo hata mmoja. Littleton akarudi chuoni kwake na kuanzisha masomo ya kioo, na wanafunzi wake wakatawanyika kwenda kuyaanzisha kwingine. Marvin Lipofsky alikwenda Berkeley mwaka 1964, Sam Herman akaipeleka elimu hiyo London, Dale Chihuly akafundisha Rhode Island. Sanaa hii ilikuwa na mtaala kabla haijawa na soko. Kwa hiyo anayenionea huruma kwamba nafundisha, anaionea huruma historia yenyewe.

Sababu ya pili ni gesi. Tanuri la kuyeyushia kioo halizimwi jioni na kuwashwa asubuhi. Chungu kilichomo ndani kikipoa ovyo hupasuka, na kulipasha tanuri upya kwa usalama ni shughuli ya siku kadhaa. Basi linawaka usiku na mchana, umelala au uko msibani, umeuza au hujauza. Msanii mmoja kuubeba mzigo huo peke yake ni kujitakia madeni. Shule inaugawa: asubuhi wanaoanza, jioni waliobobea, mwisho wa juma mwalimu na kazi zake. Wenzangu kadhaa niliokuwa nao ujanani waliona kufundisha kunawapunguzia hadhi, wakajenga matanuri yao binafsi. Wawili watatu walifanikiwa sana. Waliobaki, kilichowamaliza ni bili, na vipaji vyao havikuwa na kasoro yoyote.

Mimi niliingia kwa mlango wa msaidizi. Msaidizi wa kioo hapulizi cha kwake. Anafungua na kufunga mlango wa tanuri la kupashia, anashika ubao uliolowa maji kuukinga mkono wa fundi na joto, anapuliza akiambiwa puliza na kuacha akiambiwa acha, na mwisho anavaa glavu nene na kuibeba kazi iliyokamilika hadi kwenye tanuri la kupoozea. Fundi wangu alikuwa mtu wa maneno machache. "Zungusha" nililisikia mara nyingi kuliko jina langu.

"Fundi, kwa nini nisipumzike kidogo hapa?" niliwahi kumuuliza.

"Zungusha kwanza. Kioo kitakujibu."

Kilinijibu, ila kilichelewa mno. Kila alichoninyima maelezo nilikwenda kukitafutia maelezo mwenyewe, na nadhani ualimu wangu ulianzia hapo, kabla sijawa na mwanafunzi hata mmoja.

Kuzungusha kwenyewe ni hivi. Kioo cha kawaida, kile cha mchanga, magadi na chokaa, kinapochotwa huwa kwenye nyuzi joto 1100 hivi za Selsiasi, nacho ni kizito na cha mvuto kama asali. Unaishusha ncha ya bomba kwa mshazari hadi iguse uso wa kioo kilichoyeyuka, unazungusha kikijisokota chenyewe kwenye chuma, unainua, na tangu sekunde hiyo uzito unakivuta chini. Ukisita, donge linalala upande mmoja. Ukizungusha kwa pupa, linatanuka na kuwa bapa. Macho yanatakiwa kulitazama donge, lakini kila mwanafunzi mpya hutazama mikono yake. Dawa niliyoipata ni kumpa bomba tupu, la baridi, alizungushe huku nikimpigisha soga: habari za nyumbani, mpira, chochote. Siku atakayonijibu swali refu bila bomba kusimama, ndiyo siku ya kuchota. Wapo wanaoona nawapotezea muda. Nawaacha wanung'unike.

Nilipuliza kwa miaka mingi, na nilipenda. Kuna raha ya mwili mle: watu watatu wanne wanaelewana bila maneno, mmoja ananyoosha mkono na chombo kinatua kiganjani. Ila kufundisha kupuliza kuna mtego wake. Mwalimu anayeonyesha kazi ya moto mbele ya darasa anakuwa mchezaji jukwaani. Wanafunzi wanashangilia, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nilianza kuona kwamba vitu ninavyotengeneza mbele yao vinazidi kuwa vya mbwembwe, shingo ndefu zaidi, kuta nyembamba zaidi, rangi juu ya rangi, na nikiviweka kwenye rafu siku ya pili havina la kusema.

Mjadala huo ni wa zamani kwenye fani yetu. Littleton mwenyewe alitamka mwaka 1972 kwamba ufundi ni kitu cha bei rahisi, na kauli hiyo ikazua kelele ambazo hazijanyamaza hadi leo. Alikuwa akiwaambia watu kwamba kujua kupuliza si sawa na kuwa na sanaa. Upande wa pili akaja Lino Tagliapietra, mtoto wa Murano aliyeingia viwandani akiwa mdogo na kupewa umaestro, yaani hadhi ya fundi mkuu, akiwa na umri wa miaka 21. Mwaka 1979 alikwenda Pilchuck, shule aliyoianzisha Chihuly na wenzake mwaka 1971 kwenye msitu wa jimbo la Washington, akaanza kufundisha hadharani mambo ambayo kisiwani kwao hayakufundishwa wageni. Kuna watu wa kwao waliokasirika. Waliomwona akifanya kazi waligundua kwamba walichokuwa wakikiita uhuru wa msanii mara nyingi kilikuwa ni kutojua. Mimi nimesimama kati yao, nimeegemea kidogo kwa Tagliapietra. Ufundi si rahisi hata kidogo, tena unakula ujana wa mtu. Lakini Littleton alikuwa na haki kuuliza: ukishakuwa nao, unautakia nini?

Chihuly ni somo la namna nyingine. Mwaka 1976 alipoteza uwezo wa kuona kwa jicho la kushoto kwenye ajali ya gari Uingereza, na miaka mitatu baadaye akateguka bega. Tangu hapo akaliachia wengine bomba, yeye akabaki kuchora na kuongoza timu. Wanafunzi hupenda kubishana kama hiyo bado ni kazi yake. Sina hamu na ubishi huo. Ninachowaonyesha ni kwamba mwili una mwisho, na anayetegemea mabega yake peke yake ajue atafanya nini yakichoka.

Yangu yalipoanza kulalamika nilikuwa tayari nimeshahamia kwenye kuyeyushia kioo ndani ya kalibu, na sikusukumwa na mabega. Nilisukumwa na rangi. Wacheki wawili, Stanislav Libenský na Jaroslava Brychtová, walianza kufanya kazi pamoja miaka ya 1950. Yeye Libenský alichora, Brychtová akafinyanga udongo, na kalibu ikatolewa kwenye udongo ule. Walichokigundua kinashangaza kwa usahili wake. Kwenye kioo cha kumimina, unene ni rangi. Chukua kioo cha kijani hafifu. Kwenye ukingo wa sentimita moja utadhani hakina rangi, kwenye tumbo la sentimita kumi na tano ni msitu wa giza. Kwa hiyo ukichonga unapaka rangi papo hapo: pa kuondoa giza unapunguza unene, pa kuongeza kivuli unauacha. Hakuna jiwe wala mbao itakayokufanyia hivyo. Ndiyo maana mchongaji anayejua kazi huchagua kioo chenye rangi nyepesi kuliko anavyodhani anaihitaji. Mwanafunzi huchagua buluu ya kobalti iliyokolea kwa sababu kipande mkononi kinapendeza, kisha anatoa tanurini kitu cheusi kabisa na kuniuliza buluu imekwenda wapi.

Libenský naye alikuwa mwalimu. Kuanzia mwaka 1963 hadi 1987 aliongoza masomo ya kioo kwenye chuo cha sanaa mjini Prague, na sehemu kubwa ya wachongaji wa kioo waliokuja kujulikana kutoka nchi ile walipita mikononi mwake. Naona si bahati tu. Kazi ya kalibu inakulazimisha kupanga, na ukishapanga unaweza kumweleza mtu mpango wako. Kwenye kupuliza nilikuwa nasema "angalia mkono wangu". Kwenye kalibu nalazimika kusema sababu.

Kalibu yetu ni plasta na unga wa silika, nusu kwa nusu kwa uzito, vikakorogwa kwa maji. Plasta inashika umbo, silika inastahimili moto. Ndani yake kuna sanamu ya nta, ambayo tunaitoa kwa mvuke ikabaki nafasi tupu. Sasa swali: nafasi hiyo inakula kioo kiasi gani? Hapa ndipo huwa napenda darasa linyamaze. Kabla hatujaimwagia plasta ile nta, tunaizamisha yote kwenye ndoo iliyojaa maji hadi ukingoni na kukinga maji yanayomwagika. Tunayapima. Kila mililita moja ya maji ni gramu mbili na nusu za kioo, kwa kuwa ndio uzito wa kioo cha kawaida ukilinganisha na maji. Maji yakiwa lita 3, unahitaji kilo 7 na nusu, na unaongeza kidogo kwa ajili ya shina la kumiminia. Ni hesabu ya shule ya msingi, na mara zote kuna mtu mzima anayecheka kwa furaha akiiona inavyokubali.

Hesabu hiyohiyo huokoa migongo. Mchemraba wa sentimita 40 kila upande, ambao kwenye mchoro unaonekana kitu cha kawaida tu, ni lita 64, yaani kilo 160. Mwanafunzi anayeota kazi kubwa namwambia aanze kwa kuniandikia itainuliwaje, itapita mlango gani, na itakalia nini.

Kalibu ikikauka vizuri inaingia tanurini na vipande vya kioo, joto linapanda taratibu hadi nyuzi 830 hivi, kioo kinajilaza na kujaza kila kona. Hiyo ni sehemu fupi. Kazi yenyewe ni kupooza.

Kioo hakina hatua ya wazi ya kuganda kama maji yanavyoganda. Kinazidi kuwa kizito, hatua kwa hatua, mpaka kinakuwa kigumu. Karibu na nyuzi 500, kwa aina nyingi tunazotumia, kiko katika hali ambayo kwa macho ni kigumu lakini ndani bado kinaweza kujirekebisha. Hapo tunakishikilia kwa saa nyingi hadi joto liwe sawa nje na ndani, kisha tunakishusha polepole mno. Ukiharakisha, ngozi inapoa na kunywea kabla ya moyo, na moyo ukija kunywea unakuta ngozi imeshakaza. Mvutano huo unabaki ndani ya sanamu. Inaweza kupasuka palepale, au baada ya mwezi, ikiwa imekaa mezani na hakuna aliyeigusa.

Kinachowashtua wengi ni kwamba unene ukiongezeka mara mbili, muda wa kupooza unaongezeka mara nne. Kipande cha sentimita 10 huhitaji karibu wiki nzima. Cha sentimita 20 huingia karibu mwezi. Ndiyo maana nasimulia habari za kioo cha darubini ya Palomar, chenye upana wa zaidi ya mita 5, kilichomiminwa Corning, New York, mwezi Desemba mwaka 1934 na kupoozwa kwa miezi kama kumi. Katikati ya kupooza, Julai 1935, mto ukafurika na umeme wa kudhibiti joto ukalazimika kukatwa kwa muda. Kioo kilipona. Darubini ilizinduliwa mwaka 1948 na kile kioo kingali kinafanya kazi. Mwanafunzi aliyekuja kuniomba tufungue tanuri "kidogo tu, tuchungulie" akishasikia hadithi hiyo hurudi kukaa.

Nasi umeme unatukatikia. Mwaka mmoja ulikatika tanuri likiwa kwenye nyuzi 480 na kazi za darasa zima ndani, ukarudi alfajiri. Zilizokuwa nyembamba zilisalimika. Zile nene zilitoka na nyufa zinazopita katikati, safi, zinazong'aa. Binti mmoja alitaka kuacha masomo. Nilimwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, akanitazama kama mtu aliyekwisha kuisikia methali hiyo mara nyingi mno, na alikuwa na haki. Kilichomsaidia ni kifaa, si methali. Tuna bamba mbili za plastiki za kuchuja mwanga, za aina ileile ya miwani ya kuzuia mng'ao. Ukizipanga moja mbele ya nyingine mpaka mwanga ufe kabisa, kisha ukaweka kioo katikati yake, pale penye mvutano panawaka. Aliweka vipande vyake mle akaona mvutano umelala wapi, kipi kina hatari ya kuendelea kupasuka na kipi kimetulia. Vilivyotulia alivikata kwa msumeno wa almasi, akavipanga upya. Kazi ile imo hadi leo kwenye chumba cha darasa, na ni nzuri kuliko mpango wake wa kwanza. Mpango wa kwanza ulikuwa ua.

Baada ya tanuri kuna kazi ya baridi, ambayo vitabu vya picha huiruka. Sanamu ikitoka kwenye kalibu haing'ai. Ina ngozi ya ukungu, mabaki ya plasta, kingo kali na kovu la shina. Unaanza na gurudumu au unga wa kusagia namba 80, unapanda 120, 220, 400, 600, kila namba laini kuliko iliyotangulia, halafu mawe ya pamisi, na mwisho oksidi ya seriamu, unga wa kung'arishia, kwenye gurudumu la sufi. Maji yanatiririka muda wote. Huwezi kuruka namba. Mkwaruzo wa 80 ulioachwa nyuma utajitokeza kwenye ung'arishaji, wakati umeshachoka na umeshawaalika watu. Ni kazi ya masaa na masaa, umevaa aproni ya mpira, vidole vimekunjamana. Naipenda kuliko moto. Moto unaamua pamoja nawe, lakini kwenye gurudumu kila unachoondoa umekiondoa wewe. Sanamu zangu zilizo bora ziliamuliwa pale: hapa pang'ae ili jicho liingie, pale pabaki na ukungu ili mwanga ukwame.

Maji yale hayapo kwa ajili ya kupooza gurudumu peke yake. Vumbi la silika likivutwa mwaka baada ya mwaka hutia makovu mapafu, na silikosisi haina tiba ya kuyafuta. Darasani kwangu hakuna kufagia kwa ufagio mkavu, na anayekoroga plasta na silika bila barakoa anatoka nje, hata kama ni mgeni rasmi. Macho nayo. Mafundi wa zamani waliotazama matanuri maisha yao yote walipata mtoto wa jicho kwa sababu ya mionzi ya joto. Miwani ya didimiamu, ile ya zambarau kidogo, inaondoa mwanga wa njano wa sodiamu ili uione kazi, lakini kwa mionzi ya joto haitoshi. Anayechungulia tanuri siku nzima anahitaji miwani yenye kichujio cha mionzi hiyo. Nimeona shule zenye vifaa vya fahari ambazo hazina miwani sahihi hata jozi moja.

Kuhusu pesa nitasema machache. Majumba ya kuuzia sanaa kwa kawaida huchukua karibu nusu ya bei, na nusu yako inapaswa kulipia kioo, kalibu, umeme na vilivyopasuka. Jumba moja liliwahi kunirudishia sanamu ikiwa na kibanzi kimetoka ukingoni, likasema ilifika hivyo. Tangu hapo kila kazi napiga picha pande zote mbele ya mpokeaji, naye anatia sahihi. Kazi za kuagizwa nazipokea nikishaona mahali itakaposimama, na kama naweza naenda asubuhi na jioni. Kioo kilichomiminwa bila mwanga nyuma yake au ubavuni ni jiwe jeusi la gharama. Wateja huniahidi taa. Taa huwa hazinunuliwi.

Na kufundisha kumenipa nini, mbali na mshahara na tanuri? Kumenipa watu wa kubishana nao. Tunakaa kuzunguka kazi ya mtu, kwanza anayeitengeneza haruhusiwi kusema, wengine wanasema wanaona nini. Nikiweka na yangu, bila kusema ni ya nani, nasikia mambo ambayo hakuna mwandishi wa sanaa aliyewahi kuniambia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliwahi kusema kuhusu sanamu yangu niliyoithamini, "Hii imeng'arishwa ili tusiulize imetengenezwa kwa nini." Nilikwenda kuirudisha kwenye unga wa 220, uso mmoja ukabaki na ukungu. Ikauzwa upesi, kama hilo lina maana yoyote.

Wengi wa niliowafundisha hawafanyi kioo leo. Wako kwenye usanifu wa majengo, kwenye meno ya bandia, mmoja anatengeneza vyombo vya maabara kwa moto wa bomba, kazi inayohitaji mkono kuliko yangu. Shule zinapenda kuhesabu wangapi wamekuwa wasanii. Ukinipa mtu anayejua kushusha joto kwa subira na kupima kabla ya kumimina, sijali anakwenda na ujuzi huo wapi.

Vijana wanaoniuliza waanzie wapi huwa wanategemea niwaambie watafute mahali pa kupuliza. Nawaambia watafute karakana yenye magurudumu ya kusagia, wajitolee kusafisha kazi za wengine. Nafasi hiyo haina foleni, kwa sababu maji ni ya baridi na hakuna moto wa kupigia picha. Lakini kila kipande kinachotoka tanurini kinapita mikononi mwako, unaona kipi kimepoozwa vibaya, nani amechagua rangi nzito mno, fundi gani huficha kasoro kwa kung'arisha. Baada ya muda watakuuliza maoni yako kabla ya kufunga kalibu inayofuata. Ukiwa bado unaitaka kazi hii wakati huo, njoo na bomba tupu tuanze soga.